Kodi ya Macho

Alois Masolwa alikisoma kile kibao mara tatu, na mara ya tatu alivua kofia kama mtu aliyeingia kanisani.

Kibao kilikuwa kipya, rangi yake bado inanuka. Kilisimamishwa kwenye Jiwe la Kutua, mwendo wa saa moja kaskazini ya Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara. Hapo ndipo wapagazi walipokuwa wakitua mizigo na kunyoosha migongo. Wapagazi walikwisha. Sasa serikali ya Mwingereza ilikuwa imegundua kwamba jua linatua vizuri zaidi pale kuliko kwingineko, ikajenga resthausi, nyumba ya wageni yenye baraza, ikamimina benchi la saruji kwa ajili ya Wazungu wanaokuja kulitazama, na mwishowe ikaweka kibao. Karani aliyepewa kazi ya kuandika Kiswahili chake alikuwa mtu wa haraka. Aliandika: MANDHARI HII NI MALI YA SERIKALI. MARUFUKU KUITUMIA BILA KIBALI.

Watu wengine walipita wakaona mbao na rangi. Alois aliona shamba lililokwisha kulimwa, linangoja mbegu.

"Kama mandhari ni mali," alijiambia, "basi kutazama ni kutumia. Na kama kutumia kunataka kibali, maskini nchi hii, nani atakitoa?"

Jibu alikuwa nalo mfukoni. Mwaka uliopita alikuwa karani wa resthausi hiyo kwa miezi minne, mpaka sukari ya wageni ilipoanza kupungua kwa namna isiyoelezeka. Alipofukuzwa aliondoka na muhuri wa mpira, ule wa kupigia mashuka na taulo: taji la mfalme, na chini yake maneno ya Kiingereza. Ukiupiga kwenye karatasi, hata wewe uliyeupiga unatamani kusimama wima.

Kesho yake alikwenda kwa Mabruki, mfanyabiashara wa ngozi na nta, ambaye duka lake lilikuwa mkabala na stesheni. Mabruki alikuwa na tasbihi ndefu, na imani kwamba kila kitu duniani kina bei ila vingine bado havijafikishwa sokoni.

"Shikamoo, mzee Mabruki."

"Marahaba. Kama umekuja kukopa, duka limefungwa."

"Naona milango iko wazi, mzee."

"Kwa wengine."

Alois alitandaza karatasi yenye taji. "Serikali inatafuta Mlezi wa Mandhari. Mtu mzito wa mji. Kazi yake ni kukaa pale Jiwe la Kutua na kumtoza kila anayetazama."

"Anayetazama nini?"

"Chochote. Miti, moshi, mawingu."

Tasbihi ilisimama. "Na akisema hakutazama?"

"Sasa njia ameionaje?"

Mabruki aliivuta karatasi karibu kama mtu anayeshuhudia riziki ikigawiwa. Watu walikuwa wanalipa kodi ya kichwa na kodi ya nyumba. Ukifikiri sana, ya macho ilikuwa imechelewa tu.

Walipatana madebe mawili ya asali, na baiskeli mpya yenye dinamo iliyokuwa ikining'inia dukani. "Lakini asali leo," alisema Mabruki, "na baiskeli siku ya saba, pale pale jiweni, nikiona kazi inakwenda."

Alois angependa kuondoka siku ile ile. Alitaka kupanda gari moshi la Mwanza kule Bukene, kaskazini zaidi, kwa sababu stesheni ya Tabora kulikuwa na watu watatu waliomngoja kwa mambo mengine. Lakini baiskeli ilimeta sana. Akakubali.

Mlezi wa Mandhari akakatisha njia kwa boriti, akaketi, kibali kimebandikwa kando yake. Ada ilikuwa yai moja kwa kutazama, mawili kwa mwenye mzigo, kwa kuwa mwenye mzigo hutembea polepole na hutazama zaidi. Hiyo ya mawili ilikuwa akili ya Mabruki mwenyewe, na Alois alimheshimu kwa hilo.

Watu walinung'unika, wakalipa. Mkulima mmoja wa Ntalikwa aliuliza, "Napita hapa tangu sijaota meno. Leo mmeongeza nini?"

"Kibao," alisema Alois.

"Kibao nacho nimekitazama. Ni yai jingine?"

Mabruki alilifikiria jambo hilo kwa uzito.

Siku ya tano alikuja Bi Swaumu, dobi wa resthausi, mikono imekunjamana kwa sabuni. Kila Alhamisi jioni, akimaliza kupiga pasi, alikuwa akikaa juu ya jiwe akitazama kaskazini. Mumewe Abasi alipita hapo na mzigo wa risasi kichwani wakati wa vita ya Mjerumani, akageuka mara moja, akampungia mkono. Ilikuwa miaka ishirini sasa. Bi Swaumu alisema hamngoji, anakaa tu. Alois alimfahamu vizuri, na hakuwa na wasiwasi naye, kwa kuwa hakujua kusoma.

"Bwana Alois. Umerudi kazini?"

"Nimepandishwa cheo. Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Aliinama akautazama muhuri kwa karibu, muda mrefu.

"Hilo ni taji la mfalme," Alois alimfahamisha.

"Nalijua. Tumezoeana." Akainuka. "Mayai sina. Na hapo juu nilikuwa nakaa kabla ya benchi lenu."

"Sheria, mama."

"Nikifumba macho?"

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Alois alitaka siku mbili za utulivu, na huruma isiyo na gharama aliimudu. "Anayefumba macho hatozwi," alitangaza. "Mpaka hatua mia kutoka kwenye boriti."

"Andika. Upige na hilo taji lako."

Akaandika, akapiga. Bi Swaumu akapanda, akaliacha benchi, akaketi juu ya jiwe, uso kaskazini, macho ameyafumba kabisa. Alois alianza kucheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Shingo ya yule mama ilikuwa imenyooka mno. Akaenda kuangalia asali yake.

Siku ya saba, Jumamosi, Mabruki alileta baiskeli na watu wakakusanyika. Bi Swaumu alikuwapo, foronya nyeupe begani, ananuka joto la pasi. Alois angejiuliza ni mgeni gani anayepigiwa pasi Jumamosi, lakini alikuwa akitazama dinamo. Alifunga madebe kwenye keria, akapanda.

"Bwana Alois," Mabruki aliita. "Unatazama kaskazini."

"Nakwenda kukagua, mzee."

"Yai moja. Lakini una mzigo. Mawili."

"Alipe! Alipe!" watu walishangilia.

Alois alijipapasa. Muhuri ulikuwapo, yai hakuna, na Mabruki alikuwa ameanza kuyakodolea macho madebe. Kugombana sasa, magurudumu yakiwa tayari chini yake, kulikuwa ni ujinga.

"Basi nafumba," alisema akicheka, akashuka. "Sheria ni kwa wote."

"Utaanguka na baiskeli ya watu," alisema Bi Swaumu. "Mzee Mabruki ataisukuma nyuma yako. Njoo nikufunge hii foronya, wasije wakasema umechungulia. Nipe mkono. Giza hili nimelizoea."

Wakaenda, watu wakihesabu kwa sauti. Hatua ya thelathini, magurudumu hayakusikika tena.

"Baiskeli?"

"Iko salama. Tembea."

Hatua ya themanini kiatu kiligonga saruji. "Njia hii ina ngazi?"

"Si serikali imeitengeneza?"

Hatua ya tisini alisikia kijiko kikigonga kikombe.

"Mia," alisema Bi Swaumu. "Fumbua, baba. Hapa kutazama ni bure."

Alois aliipandisha foronya hadi kwenye paji la uso. Mbele yake, barazani mwa resthausi, Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya aliyefika asubuhi ile, alikuwa anakunywa chai, na kile kibali cha kufumba macho kimewekwa kando ya biskuti.

"Huyu ndiye, Bwana." Bi Swaumu aliivuta foronya, akaitandaza karibu na kibali, taji kwa taji. "Mimi kusoma sijui. Lakini taji hili nimelifua miaka kumi, lina ufa upande wa kushoto. Nilipoliona pale njiani nikajiuliza, tangu lini kilima kikawa shuka?"

Bwana Shauri alitazama taji moja, kisha la pili. Akanyoosha mkono. "Leta muhuri yangu."

Jina la Mabruki halikutajwa. Yeye na Bi Swaumu walikuwa wamepatana tangu asubuhi: baiskeli na asali virudi dukani, na boriti aivunje kwa mikono yake. Aliivunja. Mayai hakurudisha, alisema yameshaanguliwa. Kibao nacho kilibaki. Bwana Shauri alikisoma mwenyewe, akasema Kiswahili yake nzuri sana.

Alois alipewa kifungo cha miezi mitatu, akitumikie pale pale resthausi, kwenye karo la kufulia. Alhamisi ya kwanza, mapovu yamemfika viwikoni, alimwona Bi Swaumu akipanda jiwe na kuketi, macho wazi.

"Unaona nini, mama?" aliuliza, na hakuwa na mpango wowote.

"Njia tu. Mpaka pale inapoingia mitini."

Kisha, bila kugeuka, akasema: "Fumba macho, baba. Sabuni hiyo ni kali."