Maombi Yangu ya Nyanya

Jumapili, 14 Aprili 1985. Zombe. Jua kali tangu asubuhi, mawingu yamepita tu bila kusimama.

Leo nimejivua nguo kanisani, na ni kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kreti zangu za nyanya zilikuwa zimeiva mno. Kesho zingekuwa maji, na karo ya kumrudisha mwanangu Kioko shule ingemwagika nazo. Zamani ningeita wateja sokoni kwa kipaza sauti, lakini kanjo, wale askari wa baraza la mji, wamepiga marufuku, ati tunasumbua watu. Wenye biashara wote tukahamia kwa matangazo ya kanisa, mpaka wazee nao wakachoka, wakatunga sheria: ukitangaza bidhaa ibadani, sehemu yake inapigwa mnada kununua mabati ya kanisa. (Hilo wazo la mnada ni langu. Musyoka alikuwa ametuchosha na matangazo ya sabuni zake. Ingawa kusema haki, sabuni ni nzuri.)

Leo Mzee Mutua, mzee wa kanisa, akanisimamisha niombee sadaka. Nikajiambia kuomba si kutangaza. (Sijui nilikuwa namdanganya nani.)

"Bwana," nikasema, macho nimefunga, "bariki watoaji. Bariki na mavuno. Hata zile nyanya unazijua, Bwana, ziko kwangu nyuma ya kinu cha unga, nyekundu, bado ngumu..." (Hapo nilimdanganya Mungu. Zilikuwa laini.)

Sauti ikatoka nyuma: "Debe ni pesa ngapi?"

Nikajibu. Sijasema Amina, macho bado yamefungwa, nikajibu: "Shilingi ishirini, na ukichukua mbili tutaelewana."

Nikafungua jicho moja. Aliyeuliza ni Musyoka.

"Amina," akasema Mzee Mutua. "Sasa ndugu, kalete kreti moja. Sheria ni yako."

Nikaileta. Mama watoto alikuwa anaangalia dari. Kwenye mnada Musyoka ndiye aliyepandisha bei mpaka akainunua, na hilo pia lazima niliandike.

Baada ya ibada watu wakanifuata nyumbani na vikapu, wanacheka. "Baba Kioko, tumekuja kujibu maombi." Kufika jioni kreti zote ni tupu. Kioko anarudi shule.

Tumekula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, pamoja na nyanya zilizopondeka, zile hakuna aliyezitaka. Nilipoinamisha kichwa kuombea chakula, mke wangu akanishika mkono.

"Wewe pumzika," akasema. "Leo naomba mimi."