Kalipa Tatu na Kijiti cha Mama Faith

Redio ya Garantii ilitangaza asubuhi hiyo kwamba wakaguzi wa mizani wataanza kupita madukani hapa Mpanda mjini. Mtangazaji hajamaliza hata sentensi, Garantii kashainuka kwenda kuifunika kwa gunia mizani yake ya kupimia misumari.

"Unaificha ya nini kama iko sawa?" nikamuuliza.

"Siifichi. Vumbi."

Jina lake ni Mikidadi. Tunamwita Garantii kwa sababu kila anachouza dukani kwake kina garantii, na garantii yenyewe inaisha ukishavuka mtaro ulio mbele ya duka. Mimi nina cherehani yangu hapo kibarazani, naitwa Futi Kamba, na nasema bila kujisifu kwamba benchi lile lina mtu mmoja tu mwenye akili. Bahati mbaya wenzangu nao kila mmoja anasema hivyo hivyo, ila wao wanajisifu.

"Wakaguzi waje tu," akasema Injinia. "Nchi hii tatizo ni vipimo. Sisi kwenye mradi wa barabara tulikuwa tunapima mpaka kivuli."

Injinia ni Bashiru, muuza makava ya simu. Kwenye huo mradi wa barabara alikuwa anashika bendera, nyekundu magari yasimame, kijani yapite. Cheo alijipa mwenyewe siku mradi ulipoisha.

Wakati huo ndipo alipotokea Fundi Telesphor, shafti mbili za chuma kwapani, uso umemshuka. Telesphor ana mashine ya kukereza vyuma uani kwake. Mtu wa watu, Mpimbwe wa huku kwetu, mpole, ukimkanyaga anaomba radhi yeye. Akaziweka shafti chini, akatoa mfukoni kijiti kimoja kinene kama kidole gumba, akakiweka juu ya benchi kwa adabu zote.

"Mama Faith anakuja leo," akasema. "Anakuja kuchukua kijiti chake. Anakipeleka kwa fundi wa Sumbawanga."

Hapo hata Garantii akaacha gunia. Mama Faith ana mashine ya kukoboa mpunga kule Sibwesa. Shafti yake ilivunjika, akamwomba Telesphor amkerezee nyingine itakayoingia kwenye tundu la puli, lile gurudumu la mkanda. Puli ni zito na kondakta wa basi analitoza kama abiria, basi akafanya kama wanavyofanya watu wote wa huko: akachonga kijiti kinachojaa kwenye tundu sawasawa, akakituma. Kijiti hakilipi nauli.

"Ya kwanza nilimtumia ikawa inacheza ndani ya puli," Telesphor akasema. "Nikapima tena, nikakereza ya pili. Ikacheza zaidi. Mpunga wa watu umejaa uani kwake, wanamnunia yeye. Na mimi wateja wa Sibwesa na Kabungu wote aliniletea yeye. Akihama huyu, wamehama wote."

"Ulipima na nini?" akauliza Yutyubu bila kuinua macho kwenye simu. Huyu ni Naseeb, dereva bodaboda. Abiria hana, bando halimwishii.

"Ya kwanza nilipima na kalipa niliyoazima kwa Injinia. Ikasema ishirini na nne na nusu. Ya pili nikaazima hapa kwa Garantii, ya betri. Ikasema ishirini na nne kamili. Sasa mimi nimechoka kuazima. Nataka ninunue kalipa yangu, ya bei ninayoiweza na isiyosema uongo. Nikereze ya tatu leo leo, labda atanisikiliza."

Kama hujawahi kuiona, kalipa ni kile chuma chenye midomo miwili: unabana kitu katikati, inakwambia unene wake. Ni kifaa cha mtu mtulivu. Kwa hiyo nikajua hapa kwetu patakuwa na vita.

"Kaka, umefika mwisho wa safari," Garantii akasema, na tayari alikuwa ameshaingia na kutoka na boksi. "Chukua ya betri. Namba zinajiandika zenyewe. Ina garantii."

"Mwamba ngoma huvutia kwake," akasema Injinia. "Hiyo kimeo. Betri ikianza kufa inatoa namba za ndoto. Chukua ya saa kama yangu, mshale unazunguka. Mzungu wa mradi aliniachia mwenyewe."

"Alikuachia au aliisahau?"

"Kuna tofauti gani? Aliondoka, ikabaki."

"Nyie wote mnamzingua fundi," akasema Yutyubu. "Kuna jamaa huku amebomoa kalipa kumi akazichungulia matumbo. Anasema za plastiki tupa, za saa vumbi likiingia kwenye meno mshale unaruka, ya betri usisahau kuangalia kama iko kwenye inchi. Ya mistari, ile unayoisoma kwa jicho lako, haina betri wala meno. Ukiifunga midomo, mistari ya sifuri ikutane na usione mwanga katikati. Basi."

"Huyo jamaa anaongea lugha gani?"

"Kijerumani."

"Na wewe Kijerumani umekijulia wapi?"

"Mikono inaonekana, mzee."

Garantii akakumbuka kwamba ya mistari anayo pia, ipo chini ya mabomba, haijawahi kuulizwa na mtu tangu aoe mke wa pili. Ikaletwa, ikapulizwa vumbi. Bei yake ilikuwa ndogo mpaka Injinia akaidharau palepale.

"Rahisi ghali," akasema.

"Tuzipime zenyewe," nikasema mimi. Mtu wa cherehani akinunua futi kamba mpya anailaza juu ya ile ya zamani. "Fundi, huna kitu ambacho unene wake unajulikana bila ubishi?"

Telesphor akatoa beringi mpya kwenye karatasi yake. Beringi ya namba ile, akasema, upana wake nje ni milimita hamsini na mbili, ikitoka kiwandani Uchina au mbinguni. Tukabana na ya betri: hamsini na mbili. Ya saa ya Injinia: hamsini na mbili. Ya mistari akaisoma Telesphor mwenyewe, jicho moja kalifumba: hamsini na mbili.

Benchi likanuna. Kila mmoja alikuwa na hamu ya kuona kalipa ya mwenzake ikiaibika.

"Sasa kijiti," akasema Injinia.

Kijiti nacho kikabanwa mara tatu. Ya betri ikasema ishirini na tatu nukta nne. Ya saa ikasema ishirini na tatu nukta nne. Telesphor akafumba jicho lake tena juu ya ile ya mistari, akaisoma mara mbili.

"Sema basi."

"Ishirini na tatu nukta nne."

"Si umeona?" akasema Garantii. "Kalipa yangu safi."

"Ilikwambia ishirini na nne wiki ile," Telesphor akajibu.

"Wiki ile ilikuwa imekosea. Leo imejirekebisha. Ndiyo maana nasema ina garantii."

"Yangu ilikosea kwa sababu ya barabara," akasema Injinia. "Uliibeba kwenye baiskeli. Kalipa ya saa haipandi baiskeli."

"Labda hali ya hewa," akasema Yutyubu. "Hapa wanasema chuma kikipata joto kinanenepa."

"Kwa hiyo wiki ile kalipa zilikuwa nene, leo zimekonda?"

"Mimi nasoma tu, mzee. Usinigombeze mimi."

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Wahenga hao hawakuwahi kunywa kahawa na watu hawa. Telesphor alikuwa ameinama, anazitazama shafti zake mbili kama mtu anayetazama watoto waliofeli, na roho iliniuma. Nikamnunulia kikombe cha kahawa. Hakukinywa.

Mama Faith akafika kabla hatujaamua lolote. Mwanamke wa miraba minne, kitenge amejifunga kifuani, na nyuma yake mbeba mizigo wa stendi anahema na puli zima begani. Safari hii alikuwa amelilipia nauli, na usoni mwake ilionekana.

"Nipeni kijiti changu, fundi wa Sumbawanga nampelekea vyote viwili," akasema. "Hata hamjambo sisemi. Basi la Sumbawanga linajaza."

"Mama, keti kwanza unywe kahawa," Telesphor akasema.

"Fundi, mimi sina ugomvi na wewe. Wewe ni mtu mwema. Lakini wema haukoboi mpunga. Kuna wajane wameniachia magunia yao, kila wakiamka wanakuja kuniuliza, nami nawajibu kesho. Nimechoka kusema kesho."

Telesphor akaokota kijiti, akampa kwa mikono miwili.

Mama Faith akalitazama puli lililolazwa juu ya matofali mawili, akaona akihakikishe kijiti chake kabla ya kusafiri nacho. Akakiingiza kwenye tundu. Hakikusimama hata kidogo. Kilipita katikati kikadondoka chini vumbini, na ndani ya tundu lile mtu angeweza kukipitisha tena pamoja na kipande cha kitambaa.

"Nani amekichonga kijiti changu?"

Injinia alimwangalia Garantii, Garantii akamwangalia Yutyubu, na kwa mara ya kwanza Yutyubu alikuwa ameizima simu.

"Hajakigusa mtu, mama," Telesphor akasema. "Ulipokichonga kiliingiaje?"

"Nilikigonga na nyundo ndipo kikaingia. Kilibana mpaka kukitoa nikakigonga tena."

"Ni mti gani?"

"Muhogo. Niling'oa asubuhi ile ile, nikachonga bua lake, nikampa kondakta."

"Bichi?"

"Sasa baba, bua kavu nani anaweza kulichonga?"

Telesphor akaketi chini vumbini. Niliyaona mabega yake yakitikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha mtu aliyeteseka wiki tatu bila kosa la chuma. "Lilikuwa linakauka," akasema. "Linakonda mfukoni mwangu kila siku, na mimi naliandama kwa kalipa. Ningelipima mwezi ujao ningekereza sindano."

"Mimi nilihisi," akasema Injinia.

Mama Faith akamtazama, akatutazama sote, akazitazama kalipa tatu zilizopangwa juu ya benchi. "Wanaume wazima," akasema polepole. "Mna vyuma vya kupimia hadi unywele. Asubuhi nzima mnabishana kipi kinajua kupima muhogo."

Telesphor akanyanyuka, akachukua ile ya mistari, akapima tundu la puli lenyewe. Ishirini na tano. Akalibeba puli begani peke yake, akaondoka kuelekea uani kwake karibu anakimbia, kahawa yangu kaiacha pale pale.

Mama Faith hakwenda kwenye basi. Aliichukua kalipa ya mistari pale ilipobaki, akaigeuza geuza.

"Mama hiyo ni chaguo bora," akasema Garantii. "Chukua, uwe unampimia mwenyewe kule Sibwesa na kumpigia simu. Ina garantii."

"Garantii sijauliza. Hii mistari inasomwaje?"

Garantii akakohoa. "Muulize Injinia, hizo ni kazi zake."

Injinia akaipokea, akaisogeza karibu na jua, akaisogeza mbali. Akasema kwamba kimsingi kuna mistari mikubwa na kuna mistari midogo, kisha akakumbuka ana mgonjwa hospitali. Yutyubu akasikia abiria akimwita, na barabarani hapakuwa na mtu. Garantii akasema anakwenda kuangalia mizani yake. Wakaniachia mimi, na mimi nikainamia cherehani yangu, nikashona gauni la mtu mahali ambapo nilishashona.

Mama Faith alisubiri kidogo. Halafu akamwekea Garantii hela yake juu ya gunia, akaifunga kalipa kwenye ncha ya kitenge.

"Nyumba ya fundi wangu ni ipi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha.