Mimi Ndiye Shimo Jeusi la Katikati

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Andika, mjukuu wangu, na usinirekebishe. Leo cherehani imelala. Kaja mtu mmoja tu, kuuliza njia. Ng'ambo ya ukuta wa mbao, wifi yangu anacheka na wateja wake, makusudi, nisikie. Mwenye nyumba kapita. Kasema Ijumaa anamtoa mmoja wetu, washonaji wawili chini ya paa moja wa nini. Na huu mguu unauma, lakini tuuache.

Jumanne, tarehe 4
Si ndiye wewe unayesomea nyota? Ukinikanda mguu umenieleza: kila kundi kubwa la nyota, galaksi, katikati lina shimo jeusi, limelala na njaa. Galaksi mbili zikigongana, gesi inavurugika, inaporomokea katikati, inapata moto, inawaka kushinda nyota zote, na shimo linakula tu. Nikajiona mimi. Ukaongeza kwamba nyingine zinawaka bila kugongana, na nyingine zinagongana zisiwake. Hapo nilikuwa nimeshainuka kutafuta bisibisi.

Jumatano, tarehe 5
Ukuta nimeufungua, maduka yetu yagongane. Kumbe ndio ulioshika rafu za wifi, na zangu pia. Vitambaa vyote vya wateja vimeporomoka, vyake na vyangu, chungu moja. Wifi kasema huu ni wazimu wa ukoo. Nikamwambia ukoo ni wenu, mimi nimeolewa tu.

Alhamisi, tarehe 6
Watu wamejaa mpaka barabarani. Wamesikia nguo zimechanganyika, kila mtu anatafuta yake. Mwalimu kapewa suruali, mguu mmoja wake, mmoja wa fundi bomba. Wanasukumana kuja katikati, wamepata moto, wanawaka haswa. Ila kiti cha katikati kakikalia wifi. Nimemzunguka weee, hainuki. Ndipo unaniambia kila galaksi huja na shimo lake, mashimo hayo yanazungukana mpaka yamezane. Jambo kubwa hivyo, unalisema leo?

Ijumaa, tarehe 7
Mwenye nyumba kaona umati, kafurahi. Kasema duka sasa ni moja, la huyo aliyekaa katikati. Mimi nimeachiwa vifungo, pembeni kabisa. Wifi ananiita "binti".

Jumamosi, tarehe 8
Nimewaza sana na vifungo vyangu. Kosa si langu. Galaksi ya wifi ilikuwa ndogo. Hapa pembeni nimeegemea ukuta mwingine wa mbao, na nyuma yake kuna fundi wa kuchomelea mageti. Wateja tele, na moto anao tayari. Acha kuandika, mjukuu wangu. Njoo ushike huu ubao usiniangukie.