Gari Imesimama, Manyumba Inakimbia

Jumanne, tarehe 3 juillet 2007

Leo Abbé Camille, padri wetu, alikata kesi yetu. Mimi na Anaclet: wapiga-picha wawili, mulango moja ya kanisa. Jumamosi tulisukumana mbele ya bibi-arusi mpaka kitambaa ya kichwa yake ikabakia imenasa ku kamera ya Anaclet. Bibi-arusi alilia. Mimi vilevile nililia, lakini yangu ilikuwa ya hasira. Abbé alisema amechoka na siye. Ku mulango atabakia mupiga-picha moja tu. Mwingine aende kutafuta fasi ku soko.

Ku soko! Nusu ya watoto wa parokia ni mimi nilipiga picha ya ubatizo yao. Wakipita pale wananiita mama. Ku soko nani ataniita mama? Watasema: ee weye wa picha!

Sasa, namna ya kuchagua. Abbé anapenda magari sana, Mungu amusamehe. Siku ya Mungu kuko course ya magari, mashindano ya mbio, ya kwanza tangu vita: kutoka rond-point ya hapa Bunia mpaka bariera ya njia ya Nizi, na kurudi. Yeye mwenye ataleta picha ya gari yenye kukimbia, mutu akiiangalia ajue inakimbia bila kuambiwa, atabakia ku mulango.

Anaclet alicheka. Alisema mama wa kupiga picha watoto wenye kulala ataweza gari namna gani. Nilimujibu gari na mutoto ni moja: macho mbele, uchafu nyuma. Watu wote walicheka! Nilirudi nyumbani na furaha. Ku njia ndipo nikakumbuka: Vital, mutoto yangu wa kwanza, naye atakuwa mu course. Na ile taksi Carina yake nyekundu. Sikula tena.

Jumatano, tarehe 4

Ninataka kujua kitu moja. Gari ikikimbia, mu picha inaendaka wapi?

Nilianza na kuku. Kamate, bwana yangu, aliifukuza mu kiwanja, mimi nikapiga. Alafu nikamuomba Kamate akimbie yeye mwenyewe. Alikataa. Nikamuambia alikuwa anakimbia muzuri sana wakati tulioana. Alikimbia mara ine. Alafu nikaenda ku njia, nikapiga pikipiki zote zenye kupita.

Sikutikisika hata kidogo. Muzee mwenye kunifundisha kazi kule Butembo alinirudilia kila siku: mupiga-picha akitikisika, picha imekufa. Nilisimama kama nguzo. Hata inzi ilikaa ku pua yangu.

Alhamisi, tarehe 5

Picha zilitoka ku labo. Kuku: nyoya moja. Kamate: kisigino. Pikipiki: njia muzuri sana, safi, bila mutu.

Niliuliza kijana wa labo pikipiki ziko wapi. Alisema zilishapita, mama. Nilimuambia najua zilishapita, ninauliza juu ya nini hazikuningoja.

Muchana nilifikiri. Jicho inaona, inatuma habari ku kidole, kidole inakawia kama mutoto mwenye kutumwa maji. Basi nitapiga mbele gari haijafika! Jioni nilijaribu na macho tu, bila filimu. Pikipiki ilikuja, nikafumba jicho, nikahesabu, nikafungua. Mbuzi.

Ijumaa, tarehe 6

Akili ingine. Nilipika sombe na samaki, nikaita Vital. Alipokuwa na kinywa imejaa nilimuomba kitu kidogo: mu course, akifika mbele yangu, asimame. Kidogo tu! Pumuzi moja.

Alicheka mpaka akashika mulango. Alisema mama, course ni course. Nikamuuliza kama basi atapunguza mwendo. Akaniuliza kama ninataka awe wa mwisho. Nilisema wa mwisho ni fasi muzuri, hakuna mutu nyuma wa kukugonga. Alikula sombe yote, akanibusu ku kichwa, akaenda. Mafuta ya samaki ikabakia mu nywele yangu.

Jumamosi, tarehe 7

Mungu aliniona, na Anaclet aliniona.

Nilikuwa nimewaza hivi: Carina imesimama, vumbi inarushwa nyuma, picha inapigwa, na nani atajua? Mapema sana Vital alituachia gari yake ku kona ya njia, mimi na binti yangu Séphora. Séphora alibeba beseni ya vumbi ku kichwa.

Na kumbe! Kwenye ile kona, gari ingine imesimama. Vijana wawili na gunia ya vumbi. Na Anaclet amepiga magoti.

Tuliangaliana. Tukasalimiana vizuri. Aliuliza habari ya Kamate, nikauliza habari ya bibi yake. Alisema anapima tu mwanga. Nikasema siye pia, mwanga. Séphora aliangalia gunia yao akaninong'oneza kama vumbi yao wameichekecha. Ni kweli! Ilikuwa laini kama unga ya muhogo. Nilisikia wivu.

Tukarusha wote pamoja. Upepo ikageuka. Tulikohoa kama nusu saa, tumeshikana mikono tusianguke mu mufereji. Mu picha yangu kuko wingu tu. Na sijui hata kama ni vumbi yangu ao yake.

Siku ya Mungu, tarehe 8

Bunia yote ku njia. Abbé na kofia ya michezo. Anaclet juu ya tofali, anajiona.

Gari ya kwanza ikakaribia, na bomba yake ya moshi ikalia: pàa! Watu wote chini. Wote! Mimi juu ya Séphora, Abbé juu ya kofia yake. Kisha mutu moja akacheka, na wote tukacheka, kila mutu anapanguza nguo na kusema alikuwa anatafuta kitu yake yenye kuanguka. Kidole yangu ilikuwa imepiga: njia tupu na viatu.

Alafu Carina nyekundu. Eeh Yesu, ile mwendo! Sikukumbuka picha tena. Kamera ilikuwa ku jicho, lakini jicho ilikuwa ku mutoto yangu. Nilimufuata. Niligeuka naye, shingo, kiuno, mwili mzima, ninalia punguza, Vital, punguza! Kidole ikafinya yenyewe. Nikazunguka mpaka nikakaa mu beseni ya mandazi ya mama mwenye kuuza.

Vital alikuwa wa tatu. Muzima. Kwangu ni wa kwanza.

Jumanne, tarehe 10

Picha zimetoka. Ile ya Vital iliharibika vibaya. Haijakuwa mbaya ku gari, hapana. Gari inaonekana yote, hata namba, hata rozari ku kioo, hata meno ya Vital, anacheka, mujinga yule. Lakini nyuma! Manyumba yote imevutwa kama uji yenye kupanguzwa na kidole. Watu wamekuwa nyuzi. Kanisa inakimbia kuelekea Nizi.

Niliiangalia mara mingi. Ni kitu ya ajabu. Nilitikisika mimi, na muji wote ukalipa.

Kijana wa labo alifungua kinywa aseme kitu. Nilimuambia asiwe na haya, kosa ni yangu. Nitapeleka ingine: Carina mbele ya kuanza course. Nilisimama mbali ili nisikate magurudumu, unajua namna watu wa hapa wanakasirika ukiwakata miguu mu picha. Ni ndogo kama punje ya maharagi, lakini imetulia.

Alhamisi, tarehe 12

Siku mubaya.

Anaclet alileta picha ya wingu ya vumbi, na ndani pua ya gari. Mimi nilileta maharagi yangu. Abbé aliangalia moja, akaangalia ingine, akapumua kama mutu mwenye kusikia ungamo murefu. Ndipo ile yenye kuharibika ikaanguka kutoka bahasha yangu.

Aliiokota. Akasimama. Akaita watu wa komite ya parokia. Alisema hii njo yenyewe, hata kipofu atasikia moteri.

Nilipaswa kunyamaza! Kamate anasema nilipaswa kunyamaza. Lakini namna gani? Niliambia Abbé hapana, Padri, hiyo imekufa. Aangalie vizuri: gari imesimama, manyumba ndiyo inakimbia. Nani atatundika kitu kama hicho? Siye wote tulishakimbia vita, na magodoro ku kichwa na watoto ku mugongo. Tumerudi, tumepiga mabati upya. Sasa mimi nitoe picha fasi Bunia inakimbia tena, na kanisa mbele? Hapana. Bunia ikae.

Hakuna mutu alicheka. Mama moja wa komite alijifuta macho. Abbé aliniuliza tena kama ninaikataa kweli. Nilisema kabisa. Basi, akasema na sauti ya chini, hawezi kumupatia mutu mulango juu ya picha yenye mwenyewe amekataa. Mulango ni ya Anaclet. Wingu yake angalau ilikuwa inaenda.

Nilibeba kiti yangu. Séphora hakusema na mimi ku njia yote. Kamate alisema ya wote wawili.

Siku ya Mungu, tarehe 15

Niko ku soko, kati ya chumvi na sabuni. Kwa leo nilipiga mutu moja. Ananiita shangazi, si mubaya.

Vital aliiba ile picha, akaitundika mu taksi. Anaambia kila mutu mama yake njo aliipiga. Haya iliniua! Nilimuomba aiondoe, akakataa. Sasa madereva wote, nikiwakatalia, wanaenda kwa Anaclet, wanataka kama ya Vital, yenye muji kukimbia. Watu hawana akili tena.

Jana Anaclet alikuja kwangu, mupole, na kilo mbili ya sukari. Aliniuliza namna nilifanya. Nilimuhurumia. Nilimufundisha na moyo yote: kosa yangu ilikuwa kugeuka. Weye, Anaclet, usigeuke. Simama kama nguzo, usipumue. Aliandika.

Séphora anasema tangu asubui Anaclet yuko ku njia, amesimama kama nguzo, na hajapata kitu isipokuwa vumbi. Ni kwa sababu anapumua, ninamujua.

Mu août, mwezi wenye kuja, kuko course ingine. Nimeshaambia Kamate atafute muti yenye nguvu na kamba. Atafunga kamera, atanifunga na mimi. Vital apite namna anataka, nilie namna ninataka: safari hii sitageuka.