Kumfuata Mke kwa Baiskeli ya Umeme

Alhamisi, 12 Machi
Siku ya tisa mke yuko kwao. Kosa langu: nilichomoa betri ya mashine yake ya kutotolea vifaranga nikaifunga kwenye baiskeli. Mayai sitini yakapoa. Baba mkwe ameagiza nifike kuomba radhi kabla ya adhuhuri Jumamosi, la sivyo binti yake harudi. Kilomita mia na themanini. Kwa basi ni mwendo wa saa nne tu. Lakini nikipanda basi, mayai yatakuwa yamekufa bure! Nimeondoka alfajiri.

Ijumaa, 13 Machi
Mlima, mlima, mlima. Betri imekata pumzi. Muuza mayai mwenye baiskeli ya kawaida na trei nane nyuma amenipita, akanipa pole. Mayai, tena leo!

Kinyozi kaniruhusu kuchaji. Kuchomeka tu, cheche! Duka lote giza, mteja kanyolewa upande mmoja. Kinyozi akasema nisipotoka atanimalizia mimi. Sasa nasukuma. Simu imezima. Asiporudi je? Nyumba bila yeye ni ghala tu.

Alasiri basi limepita likielekea nilikotoka. Abiria mmoja katoa kichwa dirishani, anapiga kelele, anapunga mikono yote miwili. Shabiki wa kwanza! Nikampungia kwa heshima.

Jumamosi, 14 Machi
Nimefika saa kumi alasiri, miguu si yangu. Baba mkwe kauliza nimekuja kuomba radhi au kuuza vyuma chakavu. Mama mkwe kaniletea maji, akanipa habari: mke wangu alinionea huruma, jana akapanda basi kurudi kwangu.

Mungu wangu! Nilimpungia mkono kama mgeni!

Nimeazima simu. Mke kasema amekuta kufuli mlangoni, kalala kwa jirani. Nisipokuwa nyumbani kesho kabla ya magharibi, anarudi kwao, na nisijisumbue kumfuata.

Jumapili, 15 Machi
Baba mkwe kanikatia tiketi, kanisindikiza kituoni, kasimamia baiskeli ikipandishwa juu ya basi. Kamwambia kondakta asinishushe njiani hata nikilia. Nimengoja mzee akate kona, nikaomba baiskeli ishushwe. Kondakta kaniuliza kama nina akili timamu. Asiyejua njia hii ataelewa nini? Betri imechajiwa usiku kucha. Kuja kulikuwa mlima. Kurudi ni mteremko mtupu.