Mwaka Ule Damiana Alifanywa Mutakatifu

26 Desemba, siku ya tano

Joviale ameandika katika groupe ya famille! Ameandikia wote, lakini najua alikuwa anamuwaza nani. Mashindano ya mwisho wa mwaka. Kila mutu alete vitano bora vyake: sinema, série, wimbo, mupira, chochote kilichomugusa moyo mwaka huu. Famille itatia mioyo nyekundu. Mwenye mioyo mingi, Joviale atamupigia simu siku ya Bonane, mwaka ukianza, na kumutafsiria épisode muzima, toka mwanzo mpaka mwisho.

Muzima! Dakika arubaini na tano za sauti ya mujukuu wangu, akiniita Koko, bibi yake!

Tangu alipopata kazi Kinshasa mwezi wa kwanza, naangalia série ya Damiana peke yangu. Wanaongea Kifaransa. Mimi sikukanyaga darasa hata siku moja. Herufi nilifundishwa na wamama wa parokia, tayari niko na mujukuu. Zamani Joviale alikaa kwenye mukeka, mugongo kwa magoti yangu, anakula karanga zangu, ananiambia huyu amesema hivi, yule amemujibu vile. Sasa naangalia midomo. Inafunguka, inafungwa. Miezi kumi na moja. Na pale Kavumu, kwa uwanja wetu, toka vita hakuna ndege inayotua, hawezi kuja.

Nitashinda. Adui ni mumoja tu: Madeleine wa Bagira, dada ya marehemu bwana yangu. Alisoma kwa masista miaka sita, na toka hapo Kifaransa anakipitisha kwenye pua.

27 Desemba, siku ya posho, Jumamosi

Tatizo. Kuandika vitano bora, lazima nijue kulitokea nini. Nimemuita Kassim, anayeuza ma-film kwa flash kule barabarani. Alijisifu Kifaransa anakijua kama nyumba yao. Tumeangalia épisode tatu.

Damiana analia kwenye kaburi. Kassim akasema baba yake aliuza parcelle moja, kiwanja kimoja, kwa watu wawili. Damiana anamupiga Don Evaristo kofi. Kassim akasema muzee amesogeza mupaka wa parcelle. Damiana anabusiana na daktari. Akasema wamesikilizana juu ya parcelle.

Nikamuuliza kama hiyo inchi haina shida ingine. Akasema, Koko, inchi gani iko na shida ingine?

Nimemuambia Kifaransa chake ni cha mbuzi. Kisha nimemupakulia bugali na visamaki vya sambaza, juu amekonda, na mama yake Asumini ni rafiki yangu. Amekula sahani mbili. Ametoka akisema sijui shukrani.

28 Desemba, siku ya Mungu

NIMEPATA! Na bila mutafsiri!

Nimerudi kutoka misa, courant iko, télé inawaka. Daktari anashika mukono wa Damiana. Anamuangalia mama mukwe wa Damiana, ingawa harusi bado. Anasema neno, na neno nimelisikia vizuri kabisa, tena nalijua. Sainte Marie, Sainte Anne, Sainte Monique. Amesema Damiana ni sainte! Mutakatifu! Akiwa hai!

Mama mukwe amepiga magoti. Don Evaristo amevunja glasi, juu shetani hapendi habari za namna hiyo. Damiana mwenyewe ameinamisha kichwa na kuweka mukono kwenye tumbo. Unyenyekevu mutupu! Nimelia. Nimegeuka nimuambie mutu. Mukeka tu.

Nimekimbia kwa wamama wa Legio ya Maria. Wamefurahi sana. Tumemuweka kwenye litania ya jioni, baada ya Mutakatifu Cecilia.

29 Desemba, siku ya kwanza

Madeleine amekuja kunisalimia. Kunipeleleza! Amekaa na mukoba kwenye magoti kama mutu anayesubiri bisi. Amesema namba yake ya kwanza ni kwaya moja aliyoona kwa internet, watu mia mbili, wala mumoja hakukohoa. Nikasema yangu ni mambo ya mbinguni. Akasumbua mpaka nikamutajia Damiana. Akasema, yule binti asiye na adabu? Nikamuambia achunge ulimi, anaongea juu ya sainte, daktari mwenyewe alisema mbele ya watu.

Ameweka mukoba chini. Kisha amecheka mpaka kitambaa cha kichwa kimeanguka. Nimemuuliza anacheka nini. Ameondoka akishika ukuta, bado anacheka.

Wivu.

Mchana nimetafuta mioyo. Nimepigia watu sita wa famille. Kila mumoja nimemuahidi kuku wa Bonane. Kuku niko naye mumoja. Mungu atapanga.

30 Desemba, siku ya pili

Nimetuma! Toka asubuhi mpaka saa tisa, kwa kidole kimoja.

Ya tano: ule wimbo wa harusi ya jirani, wa kuchuchumaa. Nilichuchumaa. Watu watatu waliniinua.

Ya ine: mutangazaji wa habari kupiga chafya mara saba na kuendelea na vita kama kawaida.

Ya tatu: timu yetu kufunga goli na courant kukatika hapo hapo. Mulima muzima ulisema aaah kwa sauti moja.

Ya pili: katuni ile ya mutoto wa sokwe anayemutambua mama yake kwa kikohozi. Hapo Kifaransa sikukihitaji.

Ya kwanza: Damiana kufanywa mutakatifu. Nimeandika kwa herufi kubwa. Nimeongeza "utuombee".

31 Desemba, siku ya tatu

Mioyo arubaini na mbili! Madeleine kumi na moja! Na moyo wa kwanza kabisa kwenye yangu umetoka kwa nani? Kwa Madeleine!

Lakini pembeni ya mioyo kuko zile nyuso za kulia kwa kucheka. Nyingi. Nimemuita Didier, mwanangu, baba ya Joviale. Amesoma. Amevua miwani, amepangusa, amevaa. Amesema, Maman, si "sainte". Ni "enceinte". Iko na mimba.

Yesu Maria! Mimba! Na hajaolewa! Na wamama wa Legio wamemuomba siku tatu! Mwenzao Yolande alimuomba mvua, na mvua ilinyesha!

Nimemuuliza Didier kama mutu hawezi kuwa vyote viwili. Amesema si kawaida. Nimemuuliza, na Bikira Maria? Amevua miwani tena.

Legio sitawaambia. Mashamba yanahitaji maji.

1 Januari, siku ya ine

Wote sita wamekuja kwa kuku. Na watoto wao! Kuku mumoja, mapaja mawili, supu kama ziwa. Madeleine naye, bila mualiko, na sufuria ya wali kwenye kichwa. Asante Mungu kwa ule wali, lakini simuambii. Nyumba imejaa mpaka mulangoni. Wanagombania paja, wanaimba. Kassim amepita kusalimia, amekaa, anawatafsiria télé. Parcelle.

Saa tisa simu imelia. Joviale!

Nimekaa karibu ya télé. Amesema yeye kule hana télé, chumba chake hakina hata kiti cha mugeni. Basi mimi nimuambie ninachoona, yeye aniambie wanachosema. Nikasema, mwenye masharubu anaingia. Akasema, anasema amekosa, anaomba asamehewe. Nikasema, Damiana anageuza mugongo. Akasema, anamuambia arudi kwao. Vizuri namna gani! Nimemenya karanga bila kujua namumenyea nani.

Kisha ameacha kutafsiri. Akauliza ni nani anacheka hivyo. Nikasema Koko Madeleine. Akauliza ni nani anapiga sufuria. Nikasema baba yako, anakwangua ukoko. Akauliza wanaimba wimbo gani. Nikasema ule wa kuchuchumaa. Akasema, Koko, tuache Damiana kwanza, weka simu katikati ya meza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Maskini mutoto! Iko na adabu, hawezi kusema kelele inamusumbua. Lakini mimi ni koko yake, naelewa haraka. Nimeshika fagio. Wote nje! Madeleine na sahani, Didier na sufuria, Kassim na parcelle zake! Nimefunga mulango, nimefunga dirisha. Hata nzi hakusikika. Nikasema, haya mama, sasa unasikia vizuri, endelea.

Ameendelea. Lakini alikuwa anavuta kamasi kila neno. Mafua ya Kinshasa, iko joto na baridi pamoja. Nimemuambia anywe tangawizi. Dakika ya kumi na mbili, réseau ya simu imekatika. Nimesema "allô" mpaka koo imekauka.

2 Januari, siku ya tano

Ameandika kwamba amerudi kwa kazi, ananipenda, tutasikilizana tena kwa mashindano yajayo. Yajayo ni Desemba!

Bon. Nimetangaza katika groupe mashindano ya mwezi wa kwanza. Zawadi ni ile ile. Joviale hajajibu. Hajakataa pia.

Namba yangu ya kwanza iko tayari. Leo mwanaume mwenye mukoba amekaa kati ya famille ya Damiana, chini ya picha ya marehemu, amefungua karatasi yenye muhuri, amesema "testament" mara ine. Hilo neno simuhitaji Didier. Kuko Ancien, Agano la Kale, kuko Nouveau, Agano Jipya, padri anayataja kila wiki. Wote wameketi kimya wanasikiliza Neno. Don Evaristo amelia machozi kabisa. Wameokoka! Nyumba nzima!

Nimemupigia Madeleine asijisumbue kushindana. Ameomba nirudie. Nimerudia. Nimesikia kiti kinaanguka.

Na nimewaonya wote mapema: siku Joviale atakayopiga, mutu asikanyage kwangu. Wala kucheka barabarani. Nataka kimya kabisa, mutoto asikie vizuri.