Waondoeni Wanaocheka Sebuleni Kwangu

Ndugu Mkurugenzi wa Nyumba za Bei Nafuu,

Salamu nyingi. Huenda sura yangu huijui, lakini mtaa mzima unanifahamu kwa jina la Mjomba Zege. Mwaka wa mvua kubwa nilisimama katikati ya mtaro, maji yakanitazama, yakapita upande wa pili. Pengo hili la mbele nililipata nikivuta lori la kokoto kwa meno. Sitaji haya kwa majivuno. Ni ili ujue unaandikiwa na nani.

Kwa sasa mimi ndiye mlinzi wa nyumba yenu ya mfano, ile mnayowaonyesha wanunuzi kabla ya kujenga zingine. Jioni narudi kwa dada yangu, kwenye chumba kimoja nyuma ya gereji: yeye na wanawe wanne upande huu wa pazia, mimi upande ule. Mwezi uliopita dada aliniambia, kwa heshima zote, "Kaka, mabinti wamekua, na pazia halijakua." Nikaelewa. Nikaja kwenu kuomba nyumba.

Fomu yenu inataka mwombaji aandike anwani ya nyumba anayokaa. Sasa, pazia halina namba. Nikaandika namba ya nyumba pekee ninayoijua vizuri, hii ya mfano. Mkanijibu kwa muhuri: ombi limekataliwa, mwombaji tayari ana nyumba.

Ahsanteni. Mimi si mtu wa kubishana na muhuri. Ila kama nyumba ni yangu, basi nina malalamiko yafuatayo:

1. Wageni. Kila Jumamosi wanaingia bila hodi: fundi cherehani, nesi, mwalimu mstaafu, wale ndugu waliokimbia vita kwao, mchungaji na shehe wakiwa wameongozana. Wanazungumza lugha saba, na katika zote saba nimeshajifunza neno moja tu: "ghali". Wanafungua makabati yangu. Mama mmoja alijilaza kitandani kwangu kupima kama mumewe ataenea. Mimi mwenye nyumba sijawahi kulala hapo.

2. Vyombo. Televisheni ni boksi lililobandikwa picha ya msoma habari. Nimeitazama wiki tatu, habari ni zilezile. Vitabu vimegandishwa kwa gundi. Nilivuta kimoja, ikaja rafu nzima. Bomba la jikoni halijaunganishwa na chochote. Nililifungua, akatoka buibui, tena akaniangalia kama mimi ndiye mgeni.

3. Hili lilipaswa kuwa la kwanza, hasira ndiyo iliyonichanganya. Ukutani sebuleni kuna picha kubwa ya familia: baba, mama, mtoto wa kiume na wa kike, wote wanacheka. Watu hawa wanakaa humu bure tangu siku ya ufunguzi. Je, wao walijaza fomu? Waliandika anwani gani? Watu wanne kwa vyumba vitatu, na sisi sita tunagawana pazia! Kila asubuhi nawasalimia. Hawaitikii, wanacheka tu. Mtu anayecheka hivyo kutwa nzima, ama ana nyumba nyingine, ama ana la kuficha.

4. Nina ushahidi kwamba wanalo la kuficha. Mezani kuna bakuli la matunda ya plastiki. Juzi ofisa wenu wa mauzo alikuta tufaha limeumwa, akanitazama mimi. Mimi, niliyesimamisha mafuriko! Namshtaki rasmi baba wa kwenye picha. Ndiye aliye karibu zaidi na meza, na mkono wake mmoja hauonekani.

5. Kwa hiyo naomba familia hiyo ipewe notisi ya siku saba, ibandikwe kwenye fremu. Wakikosa pa kwenda, mimi sina roho mbaya: wahamie kwa dada, ukuta upo, na pazia nitawaachia. Sisi sita tuingie mahali pao. Siku za wageni tuko tayari kusimama pale ukutani na kucheka kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, tena sisi kwa sauti. Dada ameshaanza kuwafundisha watoto. Yule mdogo bado analia, lakini kwa mbali haionekani tofauti.

Nisalimie wote hapo ofisini: katibu muhtasi, dereva, na bwana wa muhuri, mwambie mkono wake ni mzito lakini muhuri umenyooka.

Ni mimi jirani yenu,
Mjomba Zege
Mwenye nyumba (kwa mujibu wa barua yenu)

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nimemchunguza tena yule baba. Meno yake yote yapo, na alama kwenye tufaha ina pengo katikati. Basi mwacheni akae na familia yake, hawana kosa. Tufaha nililiuma mimi. Asubuhi ile nilimwambia dada nimeshiba, watoto wagawane changu. Mara ya kwanza nilisahau kwamba ni la plastiki. Mara ya pili sikuwa nimesahau.